Wi-Fi ya nyumbani inaposumbua: jua kwanza tatizo liko wapi

Mtu akisema "mtandao hauendi", huenda anazungumzia tatizo moja kati ya manne au matano yasiyohusiana kabisa, na kila moja lina namna yake ya kutatuliwa. Ndiyo maana wapo wanaonunua ruta mpya ya bei kubwa na kesho yake hali ni ileile, na wapo wanaopandisha kifurushi kutoka Mbps 20 hadi Mbps 100 na video chumbani bado inakwamakwama. Pesa imetoka kabla ya kipimo kufanyika. Hapa tunaanza na kupima, tunafuata na kujua sehemu inayosumbua, ndipo tunagusa kitu.

Ujumbe unaoutuma kwa simu husafiri vipande vitatu. Cha kwanza ni hewani, kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta, kwa mawimbi ya redio. Hicho peke yake ndicho kinachoitwa Wi-Fi. Cha pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma, kwa kebo ya faiba, waya wa simu, mnara wa simu za mkononi au setilaiti. Cha tatu ni kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye kompyuta inayohifadhi unachokitafuta, ambayo huenda iko bara jingine.

Ile alama ya Wi-Fi juu ya kioo cha simu inapima kipande cha kwanza tu. Inaweza kujaa mistari yote huku kebo ya nje imekatika, na simu itakuwa inasema kweli: inaisikia ruta vizuri, ila ruta haina pa kupeleka chochote. Ukilielewa hili, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Tafuta kompyuta yenye tundu la kebo ya mtandao, na kebo yenyewe. Chomeka upande mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye tundu lolote la ruta lililoandikwa LAN. Zima Wi-Fi ya kompyuta. Wengi husahau hatua hii na kuishia kupima kitu kisicho. Waombe wengine nyumbani waache video na michezo kwa dakika tano. Fungua tovuti yoyote ya kupima kasi, pima mara tatu, andika kasi ya kupakua na ya kupakia.

Kisha chomoa kebo, washa Wi-Fi, kaa mita 2 kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati, upime tena. Mwisho nenda kwenye kile chumba kinacholalamikiwa, funga mlango kama unavyofungwa siku zote, na upime mara ya tatu.

Kama kasi kwa kebo iko chini sana ya ile uliyouziwa, tatizo liko kipande cha pili, na kuhamisha ruta hakutasaidia lolote. Kama kebo ni nzuri na mita 2 ni nzuri lakini chumbani ni mbaya, tatizo ni umbali na kuta. Kama kebo ni nzuri lakini hata ukikaa karibu na ruta kasi ni mbovu, shuku mwingiliano wa mawimbi, mipangilio ya ruta, au uzee wa kifaa unachopimia. Usiye na kompyuta ya namna hiyo, tumia simu iliyo karibu na ruta, ikiwa kwenye masafa ya gigahezi 5 (tutayaeleza chini) na vifaa vingine vyote vimezimwa Wi-Fi. Si sawa na kebo, lakini inatosha kuanzia.

Jihadhari na vizio. Watoa huduma huuza megabiti kwa sekunde, yaani Mbps, lakini kompyuta inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya Mbps 100 haiwezi kuzidi megabaiti 12.5 kwa sekunde. Faili la gigabaiti 1 kwenye laini ya Mbps 40 linachukua takriban sekunde 200, dakika tatu na ushei, hata kila kitu kikiwa sawa. Tena, simu inaweza kuandika kwamba imeunganishwa na ruta kwa Mbps 433. Hiyo ni kasi ya redio yenyewe, si ya data yako. Redio hupokezana zamu ya kusema, kila kijisehemu cha data hujibiwa kwamba kimefika, na kilichopotea hurudiwa; ukipata nusu hadi asilimia 60 ya namba ile, Wi-Fi yako haina kasoro.

Nguvu ya mawimbi kwa namba

Mistari ya alama ya Wi-Fi ni makadirio tu, na kila mtengenezaji huichora anavyotaka. Namba ya kuaminika ni dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Kwenye Android zipo programu nyingi za bure za kuchunguza Wi-Fi zinazoionyesha. Kwenye kompyuta za Mac, bonyeza alama ya Wi-Fi huku umeshikilia kitufe cha Option, kisha tazama RSSI, ndiyo namba hiyo. Kwenye Windows, amri ya netsh wlan show interfaces hutoa asilimia, nayo inatosha kulinganisha chumba na chumba.

Namba hizi huwa hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo nzuri. Ukiwa hatua chache kutoka kwenye ruta utaona kama -40. Hadi -67 simu za video na maongezi huenda vizuri. Kwenye -75 kurasa zinafunguka lakini video ya moja kwa moja inaanza kusita, na ukishavuka -85 simu itakuwa inaunganika na kukatika. Ukishuka desibeli 3, nguvu imepungua kwa nusu. Ukishuka 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kutoka -60 hadi -70 si hatua ndogo kama inavyoonekana.

Mahali pa kuweka ruta

Sehemu hii ndiyo inayolipa kuliko zote, na haigharimu kitu.

Ruta nyingi huishia pale fundi alipotoboa ukuta: pembeni kabisa mwa nyumba, chini sakafuni, nyuma ya televisheni. Hapo nusu ya mawimbi inakwenda nje, na nusu iliyobaki inaanza safari kwa kugonga bamba la chuma lililo nyuma ya televisheni. Ruta inataka kuwa katikati ya eneo linalotumika, juu ya samani, kama mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, na isiwe ndani ya kabati. Kabati la mbao linavumilika, ingawa ruta itapata joto. Kabati la chuma ni sawa na kuizima.

Kwenye eneo la wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, mawimbi hupungua kwa desibeli 6. Ukuta mmoja wa zege wenye nondo unaweza kula 10 au zaidi. Maana yake ni kwamba kukwepa ukuta mmoja kuna faida kuliko kusogea mita kadhaa, na ndiyo sababu chumba cha mbali kilicho mkabala na mlango wazi hupata Wi-Fi nzuri kuliko cha jirani kilicho nyuma ya zege. Mbao, jipsamu na kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha vizuri. Tofali hula kiasi. Chuma hurudisha nyuma karibu kila kitu, na kioo cha kujitazamia kimo kwenye kundi hilo, kwa kuwa nyuma yake kuna utando wa madini. Maji humeza mawimbi, kwa hiyo tangi la maji, tangi la samaki na hata chumba kilichojaa watu huonekana kwenye vipimo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalioni hadi walichore. Chukua karatasi, chora ramani ya nyumba, weka nukta kwenye ruta na nyingine kwenye chumba kibovu, kisha zipige mstari. Angalia mstari unavyokata kuta. Ukuta wa sentimita 20 ukikatwa moja kwa moja, wimbi linapita sentimita 20. Ukikatwa kwa mshazari wa digrii 60 kutoka kwenye njia iliyonyooka, wimbi linapita sentimita 40 za tofali lilelile. Kusogeza ruta mita 1 kulia au kushoto kunaweza kuugeuza mshazari huo kuwa njia fupi, na hapo utaelewa kwa nini badiliko dogo limeleta tofauti kubwa.

Kabla ya kutoboa chochote, fanya majaribio. Nunua au azima kebo ndefu ya mtandao, iweke ruta kwa muda sehemu tatu au nne tofauti, na kila mara uandike dBm ya vyumba vyote. Usisome namba ukiwa umeganda sehemu moja. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na mawimbi yanayorudi kutoka ukutani yanaweza kukutana na kufutana kwenye eneo dogo kama hilo. Sogea nusu mita huku na huku, chukua wastani.

Antena za fimbo zina tabia moja ya kukumbuka: hazirushi mawimbi kupitia ncha yake. Zinarusha kuizunguka fimbo, kwa duara. Kwa nyumba isiyo na ghorofa, zisimamishe wima zote. Kwa nyumba ya ghorofa, laza moja iwe mlalo ili duara lake lielekee juu na chini. Kuzielekeza zote kwenye chumba kibovu kana kwamba unalenga mshale ndilo kosa la kawaida kuliko yote, maana unakipa chumba hicho upande dhaifu.

Kama huduma yako ni ya faiba, usiuvute wala kuukunja ule waya mwembamba. Ndani yake ni uzi wa kioo, na kona kali, hasa iliyo chini ya sentimita 3 kwa nusu kipenyo, huvujisha mwanga. Kifaa cha faiba kiache palipo, kisha toa kebo ya kawaida ya mtandao kutoka kwenye kifaa hicho hadi mahali pazuri pa ruta. Kebo ya daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, zaidi ya nyumba nyingi zinavyohitaji. Ukipima kwa kebo na kasi ikagoma kabisa kupita Mbps 94 au 95 huku kifurushi ni kikubwa zaidi, shuku kebo yenyewe: gigabiti inahitaji nyaya zote 8 ndani yake, na mmoja ukikatika au plagi ikikazwa vibaya, vifaa hushuka kimyakimya hadi Mbps 100, ambayo hutumia nyaya 4 tu.

Masafa na chaneli

Ruta nyingi za leo zina redio mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ina nafasi ndogo na imejaa. Ya gigahezi 5 ina kasi na nafasi kubwa, ila huishiwa nguvu haraka ikikutana na kuta. Zilizo mpya zaidi huongeza gigahezi 6, ambayo hufaa hasa ukiwa chumba kimoja na ruta.

Kwenye 2.4 kuna chaneli, yaani vijisehemu vya masafa, 11 au 13 kutegemea nchi, zikiwa zimeachana megahezi 5 tu, ilhali Wi-Fi moja inachukua upana wa megahezi 20. Kwa hiyo chaneli jirani zinalaliana. Tatu zinazotumiwa kwa kawaida kukaa bila kugusana ni 1, 6 na 11. Chunguza majirani wako wapo wapi kwa ile programu ya simu, kisha chagua kati ya hizo tatu, hata kama 3 au 9 inaonekana tupu. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu, kama watu wawili wenye adabu chumbani. Aliye kwenye chaneli ya 3 hawaelewi wa 1 wala wa 6. Kwake wote ni kelele, naye ni kelele kwao, na hakuna anayesubiri mwenzake. Upana wa chaneli kwenye 2.4 uache megahezi 20. Kuuweka 40 ni kuchukua karibu uwanja wote na kujitafutia mwingiliano zaidi.

Kwenye gigahezi 5, chaneli 36 hadi 48 ndizo za kutumia bila wasiwasi. Zile za 52 hadi 144 zinashirikiana na rada, na sheria inaitaka ruta isikilize kwanza angalau dakika 1 kabla ya kuanza kurusha. Ikisikia rada, inahama papo hapo na haruhusiwi mtu kuirudisha kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Kama Wi-Fi yako ya 5 hupotea ghafla kwa dakika moja kisha ikarudi yenyewe, hasa karibu na uwanja wa ndege, ingia kwenye mipangilio uifunge kwenye 36 au 44.

Kuna wavurugaji wengine wa 2.4 ndani ya nyumba. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi kwenye takriban gigahezi 2.45, na mlango wake ukilegea, video hukatika kila chakula kinapopashwa moto. Vifaa vya USB 3, kwa mfano diski ya nje, hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Ndiyo sababu kipanya kisicho na waya huanza kurukaruka ukichomeka diski hiyo kwenye tundu la jirani. Tumia waya wa kuongezea urefu, uviachanishe kwa nusu mita hivi.

Taa, kamera na printa nyingi za nyumbani zinajua 2.4 pekee. Zikikataa kuunganishwa wakati simu iko kwenye 5, ingia kwenye ruta, yape masafa haya mawili majina tofauti, unganisha simu na lile la 2.4, sajili kifaa, kisha rudisha jina moja ukipenda.

Na kifaa cha zamani kilicho mbali kinawaburuza wengine wote. Redio ni ya zamu: kinachosema kwa Mbps 6 kinashikilia hewa mara 50 zaidi ya kinachosema kwa Mbps 300 kutuma data ileile. Televisheni ambayo haihamishwi ipe kebo. Kila kifaa kinachotoka hewani kinawaachia nafasi waliobaki.

Kirudishi mawimbi

Kirudishi hakitengenezi intaneti, kinarudia kile kinachokisikia. Watu hukiweka ndani ya chumba kibovu, nacho kinasikia -82 na kurudia uovu uleule kwa sauti kubwa; simu inaonyesha mistari yote na kurasa hazifunguki. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo bado kinaisikia ruta kwa -60 hadi -67. Chenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Ukiweza kupitisha kebo hadi kule, fanya hivyo, kisha weka ruta ya pili mwishoni mwake.

Ruta ya zamani inafaa kabisa kwa kazi hiyo, lakini lazima iandaliwe. Kabla ya kuiunganisha, ingia kwenye mipangilio yake, ibadilishie anwani iwe tofauti na ya ruta kuu, mfano 192.168.1.2 kama kuu ni 192.168.1.1, kisha zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Ndipo uunganishe kebo kutoka LAN ya ruta kuu hadi LAN ya hii, si kwenye tundu la WAN, lile la kupokelea intaneti ya nje. Ukiacha DHCP imewashwa kwa zote mbili, baadhi ya simu zitapewa njia isiyo sahihi ya kutokea, na utakuwa na tatizo linalokuja na kuondoka, kwa simu hii na si ile. Ni gumu mno kulifuatilia kwa asiyejua chanzo chake.

Amri moja inayosema mengi

Ukiwa kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri. Kwenye Windows andika ipconfig, tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyo hapo, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ni ruta yako. Sasa andika ping, acha nafasi, kisha namba hiyo. Kompyuta inatuma ujumbe mfupi na kuhesabu milisekunde hadi jibu lirudi. Kwa Wi-Fi nzuri utaona 1 hadi 5, na mara mojamoja 20. Ukiona 200, kisha 3, kisha 450, au jibu likikosekana kabisa, tatizo liko hewani ndani ya nyumba.

Kama ruta inajibu vizuri, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni kompyuta ya umma nje ya nyumba yako. Ikigoma au ikipoteza majibu huku ruta inajibu safi, tatizo ni kipande cha pili. Ikijibu vizuri, jaribu ping na jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likashindwa kupatikana, kilichokufa ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Hapo weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kama DNS kwenye mipangilio ya ruta na mambo yatafunguka.

Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, ujue haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe. Sahau mtandao huo kwenye kifaa, uunganishe upya, na ikishindikana zima na uwashe ruta. Na kama tovuti zinakataa kufunguka zikitoa onyo la usalama, wakati ping zote ni nzuri, tazama tarehe na saa za kifaa. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo simu inayodhani iko miaka mitatu nyuma huviona vyote ni batili.

Muda wa ping una mipaka ya kimaumbile. Mwanga ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia huongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Setilaiti ya kusimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 angani. Ujumbe unapanda na kushuka, na jibu nalo linapanda na kushuka, jumla zaidi ya kilomita 143,000, takriban milisekunde 480 hata kabla ya kifaa chochote kufanya kazi. Hakuna ruta itakayoipunguza hiyo.

Kasi ipo lakini maongezi yanakatika

Hali hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Kipimo kinaonyesha Mbps 50, ila kila simu ya video sauti inachelewa. Jaribu hivi: anza ping ya 8.8.8.8 bila kuisimamisha, kwenye Windows kwa kuongeza -t mwishoni. Ikiwa inasoma 20 hivi, washa simu nyingine ianze kupakia video kubwa au kuhifadhi nakala ya picha. Ping ikipanda hadi 300 au 800 na kushuka mara upakiaji unapoisha, umekipata chanzo. Njia ya kupakia huwa nyembamba, na data inayosubiri kupita inapangwa foleni ndani ya ruta. Maongezi yako yako nyuma ya foleni hiyo.

Dawa ni kipengele cha kusimamia foleni, ambacho kwenye mipangilio huandikwa QoS au SQM. Kiwashe, kisha weka kasi ya kupakia na kupakua iwe asilimia 85 hadi 90 ya uliyopima kwa kebo. Ukiweka asilimia 100 au zaidi, foleni inahamia kwenye kifaa cha mtoa huduma ambako huwezi kuisimamia. Ruta isiyo na kipengele hiki, panga kuhifadhi picha kufanyike usiku wa manane.

Usalama, kwa ufupi

Kwenye namna ya kuufunga mtandao kwa nenosiri, chagua WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. WEP, namna ya zamani, ilivunjwa tangu 2001 na haifai kabisa. Nenosiri la Wi-Fi huruhusiwa herufi 8 hadi 63: tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, marefu ni bora kuliko yenye alama za ajabu. Badilisha pia nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta, ambalo ni tofauti na la Wi-Fi. Zima WPS ya PIN, njia ya kuunganisha kifaa kwa namba badala ya nenosiri. Namba yake ina tarakimu 8, lakini ruta huihakiki kwa nusu mbili na tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi tu, kwa hiyo mvamizi anayeibahatisha hahitaji zaidi ya majaribio 11,000. Wageni wape mtandao wa wageni.

Kabla ya kumpigia mtoa huduma

Zima kifaa cha faiba na ruta, subiri sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, washa cha faiba kwanza, subiri taa zake zitulie, ndipo ruta. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS maana yake mwanga haufiki. Kuzima na kuwasha hakutaurudisha. Angalia kama waya umekunjwa, umebanwa na mlango au plagi imelegea. Usichungulie ncha ya faiba: mwanga wake hauonekani kwa macho, na bado unaweza kuyadhuru.

Kasi ikipungua jioni tu, pima kwa kebo asubuhi, mchana na saa 3 usiku kwa siku chache. Ikiporomoka kila usiku, laini ya mtaa imezidiwa, na namba zako ndizo zitakazoamua kama utasikilizwa. Mpe anayepokea simu kasi ulizopima kwa kebo na saa zake, hali ya kila taa, na majibu ya ping ya ruta na ya 8.8.8.8. Kama ukurasa wa kifaa cha faiba unaonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, isome na uitaje. Kati ya dBm -15 na -25 ni nzuri. Kwa vifaa vingi vya GPON, aina ya faiba ya majumbani, mwisho wa uwezo wa kusikia ni karibu -27, kwa hiyo ukisoma -26 na laini inakatika mara kwa mara, omba fundi aje na kipima mwanga, akague viungio na kona za waya kuanzia nje ya nyumba.